Jinsi ya kufaidi wikiendi kwenye hoteli ndogo ya kifahari mjini Arusha

Saa nzuri kuliko zote katika hoteli za kifahari za Arusha ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na siku nyingi hakuna mgeni anayezitumia. Nimekaa mapokezi ya hoteli za aina hiyo kwa miaka mingi, zaidi mtaa wa Uzunguni, na hadi leo watu wa Moshi na Arusha hunipigia simu kuniuliza wampeleke wapi mke, mama au dada aliyechoka. Kila mara huwa naanzia hapo hapo. Watalii hutua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) usiku, wanalala, na ikifika saa 2 asubuhi wameshapanda Land Cruiser kuelekea Tarangire au Ngorongoro. Wajumbe wa mikutano hushinda kwenye kituo cha mikutano cha AICC au kwenye ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchana kutwa bustani ipo, bwawa lipo, viti vya barazani vipo, wahudumu wapo, ila wageni hakuna. Mtu wa hapa hapa anayekuja kukaa Ijumaa hadi Jumapili ndiye anayeweza kuvipata vyote hivyo. Kwa hiyo unapopanga wikiendi yako, panga kwa kuulinda mchana wa Jumamosi. Mengine nitakayoeleza, bei, chumba na chakula, yote yanafuata hapo.

Hoteli ninazozungumzia ni zile ambazo watu wa utalii wanaziita za butiki: vyumba 10, 20, pengine 30, kila kimoja kimepambwa kivyake, na mwenye hoteli mara nyingi unamkuta mwenyewe anazunguka kwenye meza kusalimia. Mtindo huu ulishika kasi kwenye miji mikubwa ya nje. Blakes ya London ilifunguliwa mwaka 1978 na Morgans ya New York mwaka 1984, na zote zilikusudia kuwa tofauti na mahoteli makubwa ambamo kila chumba ni pacha wa mwenzake. Huku kwetu utazikuta kwenye nyumba za zamani zenye bustani pale Uzunguni, kwenye mashamba ya kahawa upande wa Burka, na kwenye mwinuko wa Ilboru. Sasa, kwa kuwa vyumba havifanani, ukishachagua hoteli kazi bado haijaisha. Chumba kizuri na chumba kibaya vinaweza kupakana ukuta, bei ile ile. Nitalirudia hilo mbele kwa sababu ndiko watu wanakopotezea pesa yao.

Tarehe

Msimu mkubwa wa watalii ni Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi zinabaki tupu na bei zinashuka. Nyingine hufunga kabisa kwa ukarabati, kwa hiyo piga simu kwanza. Nikibanwa nitaje wikiendi moja tu ya mwaka, nataja ya mwisho wa Mei. Mvua imeanza kukata, bustani imejaa kijani, vyumba vimetoka kupakwa rangi na magodoro mapya yametandikwa kusubiri wageni wa Juni, na wafanyakazi waliokuwa likizo wamerudi wakiwa na nguvu. Ukija wiki moja au mbili baadaye, maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair yanaleta mawakala kutoka dunia nzima na huwezi kupata chumba cha kuchagua.

Kwa upande wa Moshi, epuka wikiendi ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Sikukuu ya Krismasi usiiwazie kabisa kwa ajili ya mapumziko ya utulivu, Moshi wala Arusha, maana nusu ya Dar inakuwa imepanda huku.

Halafu kuna baridi. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mji unaweza kushinda chini ya wingu siku nzima. Kama umevutiwa na picha ya bwawa, miezi hiyo litakuwa la kutazama tu, isipokuwa hoteli inapasha maji yake joto. Uliza. Kama hupendi kuogelea, Julai ina raha yake: hoteli kadhaa zina mahali pa moto pa kuni sebuleni au hata chumbani, na kukaa hapo jioni na kikombe cha chai ya tangawizi ni jambo ninalolipenda kuliko bwawa lolote.

Kwa hoteli za katikati ya mji, elewa pia mzunguko wa wiki. Jumatatu hadi Alhamisi zinajaa watu wa mikutano. Ijumaa mchana wanafunga mabegi. Ukipiga simu Jumanne au Jumatano, mtu wa mapokezi tayari anaona kwenye kompyuta ni vyumba vingapi vitabaki wazi wikiendi, naye atakuwa na moyo wa kukusikiliza.

Bei, na kitu cha kuomba badala ya punguzo

Usianze kwenye tovuti za kuweka nafasi. Zitumie kutazama picha na kusoma malalamiko ya wageni, kisha piga simu hotelini moja kwa moja. Tovuti hizo huikata hoteli kamisheni, mara nyingi asilimia 15 na kuendelea, na nyingi hukuonyesha bei ya mgeni wa kimataifa. Hoteli nyingi za Arusha na Moshi zina bei ya mkazi ambayo huikuti mtandaoni. Usipoiuliza, mara nyingi hutatajiwa. Ukienda, beba kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa sababu wanaweza kukihitaji ili kukupa bei hiyo.

Bei idai kwa shilingi. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa na kutozwa kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, omba kwa utaratibu tu bei ya shilingi, na iandikwe.

Swali la pili ni kodi. VAT kwa kawaida ni asilimia 18, na bei inayotajwa kwenye simu mara nyingine haina kodi hiyo ndani yake. Chumba cha 300,000 kikiongezwa kodi kinakuwa 354,000 kwa usiku. Kwa usiku mbili tofauti ni 108,000, pesa ya kula vizuri Jumamosi nzima. Mimi huwaambia watu waongee hivi:

“Habari za kazi, dada. Naomba chumba cha watu wawili, Ijumaa na Jumamosi, kwa bei ya mkazi. Hiyo bei ina kodi na chai ya asubuhi ndani yake? Na Jumapili mnaweza kutuachia chumba hadi saa ngapi?”

Sikiliza hilo swali la mwisho. Mtu wa mapokezi kwa kawaida hana mamlaka ya kupunguza bei. Lazima apande kwa meneja, na meneja atakuwa na maswali. Lakini saa za kuingia na kutoka ziko mikononi mwake. Taratibu za kawaida ni kuingia saa 8 mchana na kutoka saa 4 au saa 5 asubuhi. Jumapili ambayo hakuna mgeni mpya wa chumba hicho, kukuacha hadi saa 8 mchana hakuigharimu hoteli chochote zaidi ya mpangilio wa mhudumu wa vyumba. Omba saa, mapema, kwa heshima, na utapewa mara nyingi kuliko unavyodhani. Wanaong'ang'ania kupunguziwa 20,000 huishia kuipata na kufungasha saa 4 asubuhi, wakati jua la Jumapili ndiyo kwanza linafika bustanini.

Mkishakubaliana, omba akuandikie yote kwenye WhatsApp ya hoteli: tarehe, chumba, bei pamoja na kodi, chai ya asubuhi, saa ya kutoka, na masharti ya kughairi. Kama unatuma malipo ya awali, tuma kwa lipa namba yenye jina la hoteli. Namba ya simu ya mtu binafsi usiitumie hata kama anakuambia yeye ndiye mhasibu.

Chumba

Hapa chukua muda. Hoteli ya wageni wa safari ina kelele zake, na kelele hizo zina saa zake.

Jikoni huamka kabla ya kila mtu. Wageni wa mbugani wanabeba lanchi boksi, na mabox hayo huandaliwa alfajiri: kuku anakaangwa, mayai yanachemshwa, visu vinagonga mbao, redio ya mpishi iko chini lakini ipo. Chumba kinachopakana na jiko kitakuamsha saa 11. Baada ya hapo ni maegesho. Madereva wanawasha Land Cruiser mapema, wanapanga mabegi juu, wanaitana, “We, chupa za maji umepakia?” Dirisha linalotazama maegesho ni la kukataa, hata kama chumba ni kikubwa. Kisha jenereta: umeme ukikatika usiku, chumba kilicho jirani nayo hakina usingizi. Na mwisho barabara na baa za jirani, ambazo Jumamosi usiku ndiyo siku yao. Uliza kama jirani kuna baa, na upande gani.

Kwa hiyo unapopiga simu, sema wazi: “Naomba chumba cha upande wa bustani, mbali na jiko, maegesho na jenereta.” Anayekusikia atajua mara moja unajua unachotaka. Mwambie akutumie video fupi akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chenyewe, afungue pazia, aonyeshe kinachoonekana nje. Inachukua dakika moja, na nilizituma nyingi mwenyewe kwa furaha, kwa sababu mgeni aliyeona chumba chake mapema hafiki akiwa amekasirika.

Mlima Meru uko kaskazini mwa mji. Dirisha au roshani ya upande huo ina thamani, lakini mlima huo huonekana vizuri asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Ikiwa huamki mapema, chukua upande wa bustani na usilipie zaidi kwa ajili ya mlima.

Maji ya moto yaulizie kwa undani: yanapashwa na jua au na umeme? Hita za sola ni nzuri Januari. Julai, wingu likishinda siku tatu, ni lazima kuwe na umeme wa kusaidia, vinginevyo mama yako ataoga maji ya vuguvugu kwenye bafu la marumaru lenye taulo nne. Uliza pia ngazi kama unapeleka wazazi. Nyumba nyingi za zamani zina ngazi nyembamba zisizo na mkono wa kushikilia, na vyumba vya juu ndivyo vyenye roshani nzuri, kwa hiyo utachagua kimoja kati ya viwili.

Na sema sababu ya kuja. Kuna mzee mmoja wa Machame aliyemleta mkewe kusherehekea miaka arobaini ya ndoa, na hakusema neno. Hoteli ikawapa chumba cha chini kilicho karibu na jiko kwa nia njema kabisa, eti wazee wasihangaike na ngazi. Saa 11 alfajiri mama akaamshwa na visu. Mzee alipokuja mapokezi kuulizia maji ya moto ndipo akataja ile arobaini, kwa sauti ya chini, kama vile anaomba radhi. Tuliwahamishia chumba cha mwisho wa bustani kabla ya saa 3, kilikuwa wazi tangu jana yake. Kingekuwa chao tangu Ijumaa kama tungejua.

Kuingia Ijumaa

Ukitoka Moshi, njoo Ijumaa. Ni kilomita 80 hivi, na Jumamosi asubuhi utakutana na soko la Tengeru, watu na mikungu ya ndizi hadi kando ya lami, na ule mchana unaoulinda utakuwa umeanza kuisha ukiwa bado barabarani. Jitahidi ufike kabla ya giza, ukione chumba kwa mwanga wa mchana.

Kuna jambo moja ambalo limekuwa likiniuma miaka yote, nalo ni geti. Mlinzi anampungia mkono mgeni mweupe apite, halafu anamsimamisha Mtanzania mwenzake na kumuuliza anamtafuta nani. Mwongozaji na dereva wamezoea, lakini kwa mama aliyevaa kitenge chake kipya na kuja kupumzika, swali hilo linaweza kuharibu jioni nzima. Nilipokuwa kazini nilikuwa nampelekea mlinzi majina ya wageni wote wa siku pamoja na namba za magari, na nilimfundisha aseme, “Karibu sana mama, tunakusubiri.” Hoteli nyingi hazifanyi hivyo, kwa hiyo lifanye wewe: siku ya safari tuma ujumbe mapokezi, taja jina lako, namba ya gari au kwamba unakuja kwa bajaji, na saa ya kufika, na uombe getini wajulishwe. Ukifika, taja jina lako kwanza kabla hujaulizwa chochote. Utapokelewa kama mgeni wao, ambavyo ndivyo ulivyo.

Kuhusu mavazi, vaa kinachokupendeza na sweta moja. Imeisha.

Chumbani, kabla hujafungua begi, fanya ukaguzi mfupi. Fungua bomba la maji ya moto na uliache litiririke. Vyumba vilivyo mbali na tenki huchukua muda, lakini zikipita dakika tano na bado ni ya baridi, piga simu chini. Kaa kitandani, sukuma godoro katikati, ndiko linakochoka. Shusha chandarua ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Zima taa zote usikie kama kuna kitu kinaunguruma ukutani, pampu au friji. Vuta hewa: chumba kilichofungwa muda mrefu hunuka unyevu, na harufu hiyo haiondoki kwa kupulizia manukato. Kama kuna tatizo, omba kubadilishiwa sasa hivi. Begi likishafunguliwa na kitanda kikilaliwa, kukuhamisha ni kutandika vyumba viwili, na kila mtu atakuwa mzito.

Jioni ya Ijumaa ndiyo ya kutembea, kama miguu inakuwasha. Kutoka Mnara wa Saa panda Boma Road hadi kwenye Boma lenyewe, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ukitaka zaidi, Jumapili kabla ya kuondoka nenda Kaloleni, kwenye nyumba ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Mnara wa Mwenge uko hapo hapo. Jumamosi usitoke.

Jumamosi

Amka unavyotaka, lakini usiende kunywa chai kabla ya saa 3 kasorobo. Kuanzia saa 12 hadi saa 2 chumba cha chakula ni cha watu wa safari: wanakula wakiwa wamesimama nusu, mpishi wa mayai anakimbizana, matunda yanaisha na kujazwa. Wakishaondoka, mayai yako yanakaangwa peke yake na mpishi ana muda wa kukuuliza kama unataka pilipili hoho. Usichelewe sana pia, maana kwingi chai inaondolewa saa 4. Omba kahawa iliyosagwa kutoka kwenye buni. Tuko kwenye miteremko ya Meru, arabika inalimwa hadi pembeni mwa mji, na bado nimeona meza za hoteli nzuri zikiwa na kopo la kahawa ya unga la kutoka nje. Ukiomba, hiyo nzuri huwa ipo jikoni.

Hapo hapo mezani, agiza chakula cha mchana. Hii ndiyo siri ninayopenda kuitoa kuliko zote. Mchana jiko la hoteli hizi halina kazi kubwa. Wageni wako mbugani na lanchi boksi zao. Menyu iliyochapwa ni ya wageni hao: pasta, sato wa kuchoma, supu ya maboga. Lakini wapishi wenyewe ni watoto wa Machame, Kibosho, Usa River na Poli, na ukiwaomba saa 3 asubuhi wana muda wa kutosha kutuma mtu sokoni kuleta ndizi mshare. Omba vyakula vya Kichaga: machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama yenye mfupa, mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwa aliye na tumbo dhaifu, na kiburu, ndizi na maharage, kama kuna mzee mezani. Uliza bei kabla, maana haimo kwenye menyu, na mwambie mhudumu ampe mpishi jina lako.

Yule mama wa Machame aliomba kiburu. Mhudumu alikwenda jikoni kwa mashaka, akarudi na mpishi mwenyewe, kijana mrefu amevaa kofia yake nyeupe, ambaye alianza na “Shikamoo mama” na dakika moja baadaye walikuwa wanaongea Kimachame, anamuuliza ni kitongoji gani, na yeye anamuuliza kijana kama anaweka magadi. Aliweka. Sahani ilirudi jikoni haina kitu, na mzee akaagiza tena jioni ile, ingawa menyu ya wageni ilikuwa mezani mbele yake.

Kati ya chai na chakula cha mchana, na kati ya chakula na saa 11, usipange kitu. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wetu: wamelipia usiku mbili, na Jumamosi wanapanga kwenda Njiro kusalimia shangazi, Soko Kuu kununua viatu, Kijenge kumwona fundi, wanarudi saa 2 usiku wamechoka kuliko walivyokuja. Shangazi mwalike yeye aje. Hoteli nyingi hazina shida na mgeni wa chakula cha mchana ukiwaarifu mapokezi mapema, na shangazi atafurahi kukaa bustanini kuliko kukupikia. Chukua viti vya kivulini, sogeza meza, agiza sharubati ya pasheni, laza kichwa. Mhudumu wa vyumba mwambie asafishe wakati unakunywa chai, ili saa 8 mchana chumba kiwe tayari na uweze kulala usingizi wa mchana kwenye shuka zilizonyooshwa. Usingizi huo ndio umelipia, na mimi ningeulipia tena na tena.

Kama mmekuja na watoto, uliza wakati wa kuweka nafasi. Baadhi ya hoteli hizi hazipokei watoto wadogo, na mabwawa mengi hayana mwokoaji.

Saa 11 jioni magari yanarudi, yamejaa vumbi la mbugani, na baraza linajaa watu wanaoonyeshana picha za simba. Hapo hoteli inakuwa ya kila mtu, na hiyo nayo ina raha yake ukiwa umeshapumzika.

Bakshishi, bili na kuondoka

Hoteli nyingi zina sanduku la bakshishi mapokezi, na fedha yake hugawanywa kwa wote: wa jikoni, wa bustani, wa kufua, ambao hutawaona kamwe. Weka humo. Ukitaka kumpa mhudumu wa chumba chako peke yake, mpe mkononi, au acha fedha kitandani pamoja na karatasi uliyoandika “Ya mhudumu wa chumba, asante”. Karatasi ni muhimu. Fedha iliyoachwa bila neno haichukui. Anatakiwa kuipeleka ofisini kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, na akiichukua anaweza kupoteza kazi.

Bili iombe Jumamosi usiku, usisubiri Jumapili mapokezi pakiwa na foleni. Ipitie mstari kwa mstari ukiwa umetulia. Makosa huwa kwenye vinywaji na dobi: soda ya meza ya jirani imeandikwa chumba chako, au shati moja limehesabiwa mara mbili, kwa kuwa dobi la hoteli hutoza kwa kila nguo. Ukiona kosa, onyesha, watarekebisha bila mjadala. Ukilipa, chukua risiti ya EFD na ulinganishe kiasi kilichoandikwa na ulicholipa.

Jumapili, kama ulipewa hadi saa 8 mchana, itumie yote. Ukiwa umepewa hadi saa 5 tu, toa mabegi, yaache mapokezi wakupe kibao cha namba, na uendelee kukaa bustanini. Kutoka chumbani hakukutoi hotelini, na hakuna atakayekufukuza ukiwa na kikombe mbele yako. Kwa wa Moshi wanaotumia basi, ondokeni stendi kabla ya saa 10 jioni. Baada ya hapo wanafunzi na wafanyakazi wanaorudi kwenye wiki mpya wanajaza magari yote, na mtasimama hadi Boma Ng'ombe.